Duara Lisilo na Ukingo

Ijumaa. Mvua imeishika Izigo tangu alfajiri, na mimi nimenuna kama anga.

Kufunga si kazi. Kazi ni kufuturu. Kwetu Bukoba mjini tungekuwa tumezunguka sinia moja, tunagombea mihogo. Hapa, tangu nihamishiwe shule hii, nafuturu peke yangu nikitazama ukuta. Majirani ni Wakatoliki, watu wema, lakini jua likizama kila mtu na kwake. Nimechoka. Wiki hii nimeamua kuomba uhamisho.

Leo nilikuwa nawafundisha kidato cha tano kukamilisha mraba, ili wapate kitovu na nusu kipenyo cha duara. Ubaoni: x² + y² − 6x + 8y = 0. Nusu ya sita ni tatu, mraba wake tisa. Nusu ya nane ni nne, mraba wake kumi na sita. Nikaziongeza kushoto, nikaandika (x − 3)² + (y + 4)² = 0. Kitovu (3, −4), nusu kipenyo sifuri.

Darasa likanakili. Mwalimu kasema, nani apinge? Ni Koku tu wa dawati la mbele aliyenyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hilo duara halina ukingo. Ni kitovu peke yake."

Nilisahau kuongeza kulia! Ukiongeza upande huu, ongeza na ule. Wimbo huo nawaimbia kila siku. Nikasahihisha: kulia ishirini na tano, nusu kipenyo tano. Tukacheka wote, ila njiani kurudi nyumbani nilikuwa bado nayarudia maneno ya Koku.

Kitovu peke yake.

Jioni nilimkuta Ma Asteria, jirani yangu mjane, akimenya ndizi barazani. Kila siku hunisalimu, nami hujibu huku napita. Leo nilisimama. Kumbe naye amefunga, ni Kwaresima, na chakula chake hula peke yake. Nikamuuliza mbona hajawahi kunikaribisha.

"Nilidhani ninyi Waislamu hamfungui na sisi," akasema.

Nami nilidhani hawanitaki.

Nilikuwa na samaki wa kisiwani Bumbire. Ijumaa ya Kwaresima Ma Asteria hali nyama, ila samaki anakula. Yeye akaleta ebitoke, zile ndizi zake zilizopikwa, akatandika jani la mgomba sakafuni. Adhana tuliisikiliza kwenye simu yangu, naye akafanya ishara ya msalaba.

Uhamisho bado nautaka, sitadanganya. Lakini aliponisindikiza aliuliza kesho tunakula kwa nani, nikajikuta nimesema kwangu.

Asubuhi nitafute mkeka. Nilio nao ni wa mtu mmoja.