Chaza Watatu kwa Kila Mkwe

Dada yangu Kadzo,

Salamu nyingi kutoka Riruta. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limekataa ngazi. Nyayo zako zimepona? Najua miamba ilivyokukata ukibandua wale chaza wangu sitini.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa, na shemeji akisikia haya nitachekwa mpaka kaburini.

Gunia lilifika Ijumaa, bado limelowa maji ya chumvi, chaza wamefunga midomo kabisa. Nikampigia Furaha kazini kwake Kilimani. Unajua mwanangu sasa ana ofisi yenye mlango wake peke yake? Jina lake limeandikwa pale, nimelipapasa kwa mkono huu. Nikamwambia awaite wakwe Jumamosi, waje wale kitu ambacho Riruta nzima haijaonja.

Sasa usikasirike. Nilitaka wang'are. Nikawasugua, nikawatia kwenye beseni la maji ya mfereji, wakalala humo. Mimi, mtoto wa mama yetu, aliyetufunza kwamba chaza hukaa kwenye gunia lake, maji matamu humuua! Kukaanga mahamri Dagoretti Corner miaka yote hii kumenisahaulisha.

Jumamosi mchana nikawakuta wameachama. Nikawagonga kwa kijiko mmojammoja, maana aliye hai hujifunga. Waliojifunga ni tisa.

"Mama, tia pilipili nyingi, uwapike wote," Furaha akasema, machozi yanamlenga.

"Pilipili haifufui maiti. Unataka tuwaue wakwe kabla hawajaleta mahari?"

Nikatupa hamsini na mmoja. Wale tisa nikawapika kwa tui zito, kitunguu na ndimu. Harufu yake, jirani alifungua mlango bila kubishiwa hodi.

Wakaja watatu: Kamau mchumba, babake na mamake. Nikapakua wali mlima, na juu yake chaza watatu kwa kila sahani. Mama Kamau akaangalia.

"Kwani ni tatu tu? Na nyinyi hamkuli?"

Dada, mdomo wangu unaujua. "Kwetu mkwe hupewa watatu," nikasema. "Mmoja wa baba, mmoja wa mama, mmoja wa watoto watakaozaliwa. Mwenye binti haonji."

Baba Kamau akavua kofia. Wakala polepole, kimya, kama wako kanisani. Na yule mama alikuwa ameapa mlangoni kwamba yeye hali konokono! Alipangusa sahani kwa kidole. "Hii kitu iko na heshima," akasema. "Mtoto wa nyumba kama hii, namtaka."

Basi mahari wanaleta huko nyumbani mwezi ujao, na wazee wao, na Mama Kamau ameshawasimulia wenzake wa kanisani desturi yetu. Nakusihi: wape watatu watatu, hata ukiwa na gunia zima jikoni.

Nisalimie shemeji, lakini usimsomee. Nisalimie na mjomba wetu mkubwa atakayepokea mahari. Yeye mfundishe mapema: wa baba, wa mama, wa watoto. Asije akaomba wa mjomba.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Dama, mama yake Furaha mwenye ofisi