Riwaya za Kifo cha Ramadhani

Jumatatu, 2 Juni 1997

Kundi la tatu la waombolezaji leo. Watu wa Kigobe waliwahi kuondoka, kwa hofu ya amri ya kutotembea usiku. Desturi yetu hapa Buyenzi ni kwamba kila aingiaye matangani aelezwe mauti yalivyokuja. Mjane, Mama Zuhura, hana nguvu hiyo. Kazi hiyo nimepewa mimi. Nilikuwa na marehemu alipokufa, na watu husema nina ulimi. Nikaeleza: tulikwenda Buterere kutafuta mchele, risasi ikatoka tusikojua, fundi Ramadhani akaanguka. Wakaitikia. Wakaja wengine.

Jumanne, 3 Juni

Maneno yameanza kujipanga yenyewe. Najua sasa pa kunyamaza, najua wapi wanawake watalia. Nimelifikiria neno riwaya. Kwa wasomaji wa Qur'ani ni usomaji uliopokelewa mdomo kwa mdomo, pasipo kuongezwa herufi. Matangani tunaliita riwaya neno lolote litokalo kinywani. Kukariri kulikusudiwa kuhifadhi. Kwangu kunachonga upya.

Jumatano, 4 Juni

Amefika Yusufu, mdogo wa marehemu, kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Waligombana juu ya nyumba ya baba yao, hawakusalimiana tena. Ukumbi ulijaa. Nilieleza vizuri kuliko siku zote. Nikasema marehemu alitamka shahada. Nikasema aliniachia salamu za kumpa ndugu yake, kwamba amemsamehe.

Hayakutokea.

Yusufu alilia akijifunika uso. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 5 Juni

Yusufu anaondoka Jumamosi. Anataka kumpelekea mama yao zile salamu. Zikishavuka mpaka, sitaweza kuzirudisha.

Mama Zuhura aliniita uani. Yeye alisikia riwaya ya kwanza, siku niliyomleta mumewe. Hakunikaripia.

"Mwalimu, hii ya jana iko muzuri. Lakini bwana yangu alikuwa mu ile ya kwanza. Umeiweka wapi?"

Nimeitafuta tangu adhuhuri. Kila nikianza, ulimi unateleza kwenye ile nzuri. Hatimaye imekuja vipande vipande. Tuta la shamba la mpunga. Vumbi liliruka mbele yetu kwa risasi. Mimi nikasimama kama mlingoti, nikitazama. Ramadhani akanisukuma bega. "Mwalimu, inama." Basi. Shahada sikuisikia. Jina la mtu sikulisikia.

Kwa nini niliyaondoa maneno hayo mawili? Kwa sababu ndani yake mimi ndiye niliyesimama. Nilikuwa nikijitoa humo kidogo kidogo, kundi baada ya kundi, na nafasi niliyoiacha nikaijaza mapambo. Nimemtoa na Ramadhani.

Ijumaa, 6 Juni

Baada ya sala nilimwambia Yusufu. Yote. Nimehutubia mikutano mingi; sijapata kusema kwa shida namna ile.

"Hakunitaja?"

Nikasema: hakukutaja.

"Hata kidogo?"

Hata kidogo.

Akavaa viatu akatoka. Chakula cha mchana hakula. Mama Zuhura alimwekea sahani, ikapoa. Najuta kwa nilichosema Jumatano, na leo najuta hata kwa ukweli. Nilimpa msamaha usiokuwa wangu kuutoa, kisha nikamnyang'anya mbele ya mlango wa msikiti.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi walikuja watu wa Kanyosha, wateja wa gereji ya marehemu. Yusufu alikuwa ameketi karibu na mlango, mfuko miguuni, akingoja gari la Uvira. Mama Zuhura alinitazama. Nilikohoa, nikaweka mikono magotini.

Yusufu akaanza yeye. Hakupandisha sauti.

"Mukubwa wangu aliona risasi ziko zinakuja. Akamuambia huyu Mwalimu ainame. Yeye mwenyewe akachelewa kuinama. Mi hakunitaja. Tulikuwa tumenuniana."

Wageni wakaitikia. Mzee mmoja akanigeukia, akauliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Nikasema ndivyo.