Pumba Zimeishia Njiani

Jumatano, usiku

Bado nina hasira na shemeji Kalisti, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakukusudia ubaya.

Leo mkaguzi wa mazingira alikuja kuhakikisha kama kweli tunachoma vigae kwa pumba za mpunga, si kwa kuni. Bila cheti chake, mkandarasi anayejenga zahanati ya kijiji cha Mbingu hatachukua hata kigae kimoja.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kuingia uani ni tope tupu. Shemeji, mchoma tanuri wetu, akaona aibu mgeni achafue viatu. Kabla sijatoka ndani alishamwaga rundo lote la pumba kavu njiani, kama tunavyofanya msibani wakati wa masika. Pembeni ya tanuri zikabaki kuni zangu za kupikia, zimepangwa vizuri kabisa!

Mkaguzi mwenyewe, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, akazitazama zile kuni. "Mama, pumba ziko wapi?"

"Umezikanyaga, mwanangu."

Hakucheka. Kesho asubuhi atarudi, anataka kuona tanuri likiwaka.

Kwenye mashine ya mpunga kule Mchombe hawakoboi mpaka mpunga ukauke. Pumba nyingine nitazitoa wapi?

Jioni shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, tuwashe kwa kuni, juu tufunike na pumba kidogo za pale njiani. Hatajua."

Sikumjibu. Nilidhani kunyamaza kwangu ni kukataa.

Sasa hivi nasikia shoka huko kwenye tanuri, na bado sijainuka.