Kwa Mzee Rajabu, Aliyenituma Nikaketi Mlimani

Mzee Rajabu,

Kenya hii hakuna anayeandika milima kunishinda mimi. Hata Mlima Kenya wenyewe ukitaka kujijua, unangoja gazeti la Jumamosi usome makala yangu. Na darasa la sita sikumaliza. Cheka tu, huko hakuna wa kukukataza.

Kibanda chako cha viatu pale Gikomba amekishika binti yako Mwanaidi. Anawakaripia wateja kwa sauti yako ileile. Mimi mhariri ananisumbua, anataka makala nyingine, na tangu ufe sijapanda mlima. Buti zimening'inia ukutani. Sijui kama nitaweza tena.

Buti hizo ulinipa wewe, nilipopata kazi ya kuwabebea watalii mizigo. Makala ya kwanza nilikusomea mbele ya wateja: nilivyoushinda mlima, nilivyoukanyaga kichwa, nikashuka mbio. Ukagonga msumari kwenye soli, ukauliza, "Umeushinda, sawa. Wenyewe una habari?" Wachuuzi wote wakanicheka wiki nzima.

Kisha ukaniita kwako Shauri Moyo, baada ya swala ya alfajiri. Mbingu ilikuwa safi, mlima umejitokeza mbali kaskazini, pembeni kidogo ya kibla. Ukasema jirani yako alidhani unauabudu, ukamjibu, "Namsujudia aliyeuweka. Huu nausalimia tu." Halafu ukanigeukia: "Weye ukifika tena, keti. Jirani humjui kwa kupita mbio mlangoni pake."

Nikaketi. Nikaona barafu ikiyeyuka juu ya majani, na pimbi wakiota jua mwambani kama wazee wa mtaa wa Jericho barazani, wakinitazama kama mimi ndiye mnyama. Nikaandika hayo, na wasomaji wakaanza kuniandikia. Asante, Mzee. Kila nilichoandika kikawa na maana kilitoka kwenye hilo neno lako, keti.

Lala salama. Mola akupanulie kaburi. Buti nitazivaa, nitapanda, na nitaketi tena. Nakuahidi.

Ila siku uliyofariki, wageni wangu walikuwa wameshashuka. Mimi niliomba kubaki, namtazama pimbi mmoja na wanawe. Nilipofika Shauri Moyo ulikuwa umeshazikwa, maana kwenu maiti hangojeshwi. Ningeshuka mbio kama zamani, Mzee, ningeliwahi jeneza lako.