Sili Mpya, Upande Usiovuja

Mama watoto,

Pikapu iko juu ya jeki, watoto wasiisogelee.

Uliniambia niite fundi, nikajibu fundi ndiye mimi. Basi asubuhi nililala chali chini ya gari, nikaona oili inavuja kwenye gurudumu la nyuma, mkono wangu wa kulia. Nikatoka, nikafungua gurudumu la kulia, nikatia sili mpya ya kuzuia oili na beringi mpya. Kazi safi! Oili ikaendelea kudondoka upande wa pili. Kumbe ukilala chali, kulia kunahamia kushoto.

~~Kiza cha chini ya gari kilinichanganya.~~ Nilijichanganya mwenyewe.

Nimekwenda dukani kwa miguu kununua sili nyingine. Mwambie mama mkwe hospitali tutampeleka leo kama tulivyomwahidi, ila viatu asivae kwanza, gari bado.

Tafadhali chukua chaki, utie alama gurudumu linalovuja. Utie wewe, usiniachie mimi.

Mumeo,
fundi wa upande usiovuja