Mlango wa Kukunja au wa Reli

Jumamosi, 9 Aprili 1938. Nyamiaga.

Mvua tangu alfajiri, nyembamba, isiyokata. Ofisi ya boma hufungwa mchana kila Jumamosi, nami nimerudi nikiwa na jambo moja kichwani: mlango.

Nyumba yangu mpya imekwisha kuezekwa. Ukumbi wa mbele, unaotazama barabara ya sokoni, umebaki wazi ukingoja mlango wa vioo, kama ule niliouona Bukoba kwa mkubwa wangu wa kazi na kuutamani tangu siku hiyo. Imebaki kuamua: vipande vinne vinavyokunjana kwa bawaba, au viwili vinavyoteleza juu ya reli ya chuma.

Fundi Rashidi anataka wa reli.

Anautaka mno.

Reli hiyo inauzwa na duka moja tu la Biharamulo, na mwenye duka ni mjomba wake. Nilipokwenda huko kikazi nilimuuliza mjomba, bila kumtaja Rashidi, mlango upi unafaa. Akajibu, "Bwana karani, wa kukunja ni wa duka huo. Ukiufungua asubuhi, watu watakuja kukuuliza chumvi." Nikacheka. Jana Rashidi akaniambia maneno hayo hayo, mpaka hiyo chumvi. Sikucheka.

Tena kuna mama. Alifika juzi kutoka Murusagamba, ambako anaishi peke yake tangu baba afariki. Mguu unamsumbua na nyumba yake inavuja. Hii naijenga ili ahamie kwangu. Nilimpeleka kuiona. Alisimama kwenye uwazi wa ukumbi, akatazama barabara, akageuka.

Leo nikitoka kazini nilimkuta nyuma ya nyumba na Rashidi, wanaongea Kihangaza kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza. Rashidi akaokota randa, na hapakuwa na ubao wa kuranda.

Nikajua amekwisha kumvuta upande wake.

Tulikula kwenye chumba ninachopanga, mlango wazi ili tupate mwanga. Ndizi na maharage. Nikamuuliza, "Mama, fundi amekuambia unishauri mlango upi?"

"Fundi hana neno. Mimi ndiye niliyemwomba anijengee kibanda huko nyuma, cha kulia chakula. Akasema nikuulize wewe. Nikaona haya."

"Cha kulia? Na ukumbi wote ule?"

Watu wawili wakapita njiani na mikungu ya ndizi. Mama akafunika sahani yake kwa kawa, akaweka mikono mapajani, akangoja mpaka wapotee.

"Mwanangu, nyuma ya vioo vyako nitakula mbele ya soko zima. Afadhali nivujiwe Murusagamba."

Nimekaa shule ya bweni miaka mingi, tukila kwenye mabenchi huku yeyote akipita. Kwetu mtu mzima haonwi na wapita njia akitafuna. Nilijua hivyo kabla sijajua kuandika. Uwazi ule nimeupima kwa futi mara ngapi, na bado sikumwona mama ameketi ndani yake na sahani.

Niliinuka nikafunga mlango. Chumba kikawa giza. Nikamsikia akila.

Basi, mlango utakuwa wa mbao, wa bawaba, na ukumbi utajengwa matofali pande zote mbili za mlango. Vioo vitakwenda kwenye madirisha, juu kuliko kimo cha mtu. Nilipomwambia mama, hakusema kwamba atahamia. Aliuliza tu kitanda chake kitakaa upande gani.

Jumatatu nitamweleza Rashidi kwamba reli haihitajiki tena. Akibishana, nitajua nilimshuku kwa haki. Je, akikubali bila neno? Nimshukuru, au nizikague kwanza mbao atakazoleta, nione zimetoka kwa mjomba gani?