Siku Ile Ulikuwa Nzega

Mama,

Shikamoo. Ninakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu moyo wangu umetulia.

Nitakupa habari kwa utaratibu, kama ulivyopenda niwasomee wageni kazi zangu za shule: nimesimama wima, mikono nyuma, sauti ifike mlango wa nje. Nyumba ya Ntalikwa ipo. Shamba la karanga tumelima, ingawa mvua ilichelewa. Nami nimehitimu, Mama. Ulifariki kabla hujaniona ndani ya joho, na siku ile nilitazama umati wa wazazi huku nikijua fika kwamba sitakuona, na bado nikatazama.

Tasnifu yangu ya historia ilihusu njia ya misafara, kuanzia Kigwa hadi kuingia Tabora, na Wanyamwezi waliobeba pembe na shehena mpaka pwani. Nadhani wewe ndiye uliyenichagulia mada hiyo bila kujua. Pikapu ya huduma yetu ya injili ilipoondoka mjini kwenda kwenye mkutano wa maombi, ulikuwa ukisema, "Babu zetu walibeba pembe, sisi tunabeba Neno." Katika ukurasa wa shukrani jina lako lilitangulia. Niliandika: "Kwa mama yangu, aliyenishika mikononi nilipokufa, akamwomba Mungu hadi nikarudi."

Msimamizi wangu aliniuliza, kwa adabu kubwa, kama ningependa kuilainisha sentensi hiyo. Nilikataa. Nilimjibu kwamba hilo ni tukio lililotokea, si tamathali ya usemi.

Unaona nilivyokuamini?

Ushuhuda ule ndio ulionilea. Nilikuwa na miaka mitatu, degedege likanishika, nikapoa mikononi mwako, ukaomba, nikapiga chafya na kuita "Mama." Uliusimulia Kigwa, Isikizya, Nzega, Igunga, kila pikapu iliposimama, na kila mara ulinipandisha juu ya benchi ukasema, "Huyu hapa! Mshikeni!" Watu wakanishika kweli. Bibi wasio na meno walinipapasa mashavu wakilia. Nilikua nikijua kwamba sikurudishwa duniani bure, na kila mtihani niliofaulu niliuhesabu kuwa sehemu ya deni langu kwa Mungu.

Baada ya mazishi yako, Mwinjilisti Kashindye aliniita. Unajua sauti yake ikishuka kwa heshima. "Binti, wazee wa huduma tumeomba, tumekubaliana. Wewe ndiye utakayeshika nafasi ya mama. Tutakuwekea mikono Isikizya, nawe utatoa ushuhuda wako mwenyewe, kwa kinywa chako." Sitajifanya mnyenyekevu mbele yako: niliutaka uongozi ule. Nilikwisha kuuona msafara wetu ukifika hadi Ujiji, nami mbele.

Nilitaka hotuba yangu ishinde zote. Kwa hiyo nilifanya nilivyofundishwa, nikatafuta shahidi wa pili. Nilikwenda mjini kwa Bi Mwajuma, jirani yetu wa enzi zile za nyumba ya kupanga, nikamwulize siku ile ulivaa nini, ulipiga magoti wapi, ulianza na maneno gani. Nilimkuta barazani, anashona kofia.

"Marahaba, msomi wangu. Umekonda! Huko chuoni walikuwa wanawalisha karatasi?"

Nikamweleza shida yangu. Nikamwuliza ulikuwa umenifunika kanga gani.

"Kanga ilikuwa yangu mimi," akasema. "Mpya, haijaguswa maji. Ukaitapikia yote, wewe mtoto! Sijasahau."

"Na Mama?"

Aliichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka kofia pembeni.

"Mama yako alikuwa Nzega."

Mama, nilicheka. Nilidhani uzee umemchanganyia siku. Akasubiri nimalize kucheka, kisha akanieleza. Baba alikuwa Urambo kwenye tumbaku. Mimi nilikuwa na homa tangu asubuhi. Pikapu ilikuwa inapiga honi nje. Ulinikabidhi kwake, ukasema ni joto tu, litashuka, ukaenda Nzega kuwaombea wagonjwa. Alasiri macho yangu yakageuka, mwili ukakakamaa. Bi Mwajuma alinifunga mgongoni akakimbia nami hospitali, mguu mmoja una kandambili, mwingine peku. Nilichomwa sindano, nikatundikiwa dripu. Yeye alikaa kando ya kitanda.

"Nikakusomea nilichokijua mimi," akasema. "Usiniulize nini. Mungu anakijua."

Wewe ulirudi nikiwa nimeketi, nakunywa uji. Ulisimama mlangoni mwa wodi ukamwuliza kama unaruhusiwa kuingia. "Mtoto wake mwenyewe!" akasema Bi Mwajuma. "Ananiuliza mimi!"

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akasema ulimshika mikono, ukamwambia: "Mwajuma, watu wakijua nilimwacha wangu na homa nikaenda kuwaombea wa wenzangu, watanitazamaje?" Yeye akakushauri useme tu kwamba ulikuwa mbali, ukaomba, mtoto akapona. Hilo lingekuwa kweli, na lingetosha.

"Akaanza hivyo hivyo," akasema. "Lakini mama yako na kipaza sauti, mwanangu, nani angewatenganisha?"

Sikucheka.

Nilirudi Ntalikwa kwa miguu, nikikumbuka. Kigwa nilikuwa na homa kali. Isikizya nikapoteza fahamu. Kufika Igunga nilikuwa nimekwisha kufunikwa shuka na watu wanalia uani. Ushuhuda ulikua kadiri pikapu ilivyozidi kwenda, nami nilikuwa juu ya benchi, nikitabasamu, nikiwa ushahidi wa jambo ambalo hukuliona. Mimi, niliyefundishwa kuuliza kila simulizi, "Msimulizi alikuwepo?" Sikuwahi kukuuliza wewe. Mtu hamwulizi mama yake.

Kesho yake nilimwendea Mwinjilisti Kashindye. Nilitumaini atakasirika. Nilitumaini atasema Bi Mwajuma amedanganya.

"Nilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Sote tulijua, binti. Lakini ushuhuda ule umewaleta wengi kwa Bwana. Na wewe ni msomi, utajua namna ya kuuweka."

Sote! Wale waliokula ugali nyumbani kwetu, walioniita muujiza, waliosimama kando ya kaburi lako wakasimulia tena, wakinitazama usoni. Kwenye pikapu ile nzima, aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.

Na bado, Mama, nilikwenda Isikizya. Nilikuwa nimeandika hotuba. Nilikuwa nimepata namna ya kuuweka. Niliandika, "Mama aliomba, nami nikapona," bila kutaja mahali, bila kumtaja aliyenibeba. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Nililivaa gauni lako la bluu.

Kabla ya kuitwa mbele, mwanamke mmoja alinifuata kwenye turubai. Alikuwa ametoka vijiji vya Nzega, kwa wafugaji, amembeba mtoto wa kiume ndani ya kitenge. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nilimsikia mama yako nikiwa msichana," akasema. "Huyu ameanza kushtuka tangu jana. Hospitali nimeipita njiani, sikusimama. Nikasema, kama wewe ulirudi, na wangu atarudi."

Nilifunua kitenge. Shingo ya mtoto haikuwa na nguvu. Macho yalikuwa wazi nusu, hayanitazami.

Ndipo wakaniita. "Bwana Yesu asifiwe!" "Amina!" Nilipanda na hotuba yangu mkononi na sikuisoma. Nilisema: "Mama yangu alikuwa anatupenda sisi sote. Lakini siku nilipougua, hakuwepo. Alikuwa Nzega. Aliyenibeba ni jirani yetu Bi Mwajuma, Mwislamu, na alinibeba hadi hospitali. Madaktari walinitibu. Mungu akaniponya kwa njia hiyo. Mwenye mtoto mgonjwa hapa, ampeleke sasa hivi. Tutaomba tukiwa njiani."

Kisha mtu akapaza sauti, "Mzimieni kipaza sauti huyo!" Mama mmoja wa kwaya akamjibu, "Mwache amalize, we baba! Unaogopa nini?" Mwinjilisti Kashindye akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, taratibu, bila kunitazama, akaanzisha pambio. Wakaitikia. Lilikuwa pambio lako.

Nilishuka nikamchukua yule mwanamke. Tulipata bodaboda, tukapakiana, mtoto katikati yetu. Nikaanza kuomba. Maisha yangu yote nilikuwa nimeomba kwa maneno yako, kwa sauti yako, hata kwa namna yako ya kuvuta pumzi. Siku ile nilisema tu, "Bwana, huyu mtoto. Bwana, huyu mtoto." Kijana wa bodaboda akageuza kichwa: "Dada, omba kwa sauti, na mimi niitikie!" Akaitikia kweli, huku akikwepa mashimo. Sijui uamsho ni nini, ingawa neno hilo nililisoma kwenye mabango tangu utotoni. Lakini kama niliwahi kuamshwa, ni juu ya pikipiki ile.

Kwenye kituo cha afya walimpokea mara moja. Malaria kali. Dripu, sindano, kungoja. Ilipofika jioni mtoto aliomba maji. Mama yake aliweka kichwa ukutani akalia, kisha akanigeukia. Nilidhani atanishukuru.

"Kumbe," akasema. "Sasa mama yako mbona alituambia vingine?"

Nilimwambia, "Samahani, mama," nikakuombea msamaha kwa mtu ambaye hukumjua, ambaye karibu umpotezee mwana.

Hiyo ndiyo hasira yangu, nakuandikia waziwazi. Si kwamba uliniacha na homa. Ulikuwa kijana, pikapu ilikuwa inapiga honi, ulidhani ni joto tu. Ningekusamehe hata kabla hujamaliza kusema. Ni kwamba ulikuwa na jambo la kweli la kuwaambia akina mama wote wa njia ile, ukalificha chini ya benchi nililosimama.

Wazee wamenitumia ujumbe kwamba suala la uongozi limeahirishwa kwa maombi zaidi. Unaijua lugha hiyo kuliko mimi.

Nilimpelekea Bi Mwajuma doti ya kanga. Akaivaa papo hapo, akalalamika kwamba rangi ni ya vikongwe. Nilipoaga ndipo akasema jambo ambalo bado nalibeba. Alisema tangu siku ile hukuniacha tena nyuma. Hata mvua iwe inanyesha, hata shule iwe imefunguliwa, ulinishika mkono na kupanda nami pikapu. Maisha yangu yote nilidhani ulinibeba ili unionyeshe. Huenda ulikuwa unaogopa kuniacha. Huenda yote mawili. Ungeniambia, Mama. Tulikuwa na jioni nyingi pale jikoni, tunamenya karanga. Ungeniambia.

Nakuahidi hili. Sitakuita mwongo mbele ya watu. Nitapita Kigwa, Isikizya, Nzega, Igunga, kwa nauli yangu, bila pikapu na bila kipaza sauti, nikae na akina mama wale niwasimulie siku ile jinsi ilivyokuwa. Wakinitaka niombe nao, nitaomba. Wakiwa na mtoto mgonjwa, tutaomba tukiwa tumeshaanza kwenda.

Nakala ya tasnifu iliyoko maktaba imekwisha kujalidiwa, siwezi kuigusa. Ya nyumbani nimeifungua leo ukurasa wa shukrani, nikaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake kwa kalamu:

"Kwa mama yangu, aliyekuwa Nzega. Na kwa Bi Mwajuma, aliyekuwepo."

Pumzika, Mama. Kesho naanza na Kigwa.

Mwanao,
Nyamizi